Baada ya "Karibu": Kazi ya mmisionari kijana wa Kimormoni jijini Nairobi

Vijana wawili, shati jeupe, tai, kibao cheusi chenye jina kifuani, begi mgongoni. Ukiwaona wakishuka matatu ya namba 46 pale Kawangware unaweza kudhani kazi yao ni kupiga hodi na kufukuzwa. Kufukuzwa ni nadra. Nairobi mgeni anayemtaja Mungu huwekewa kiti, huombwa awaombee wenye nyumba, na akiomba namba ya simu hupewa. Shida inaanzia hapo. Aliyesema karibu Jumanne hashiki simu Alhamisi, na Jumapili yuko kwenye kanisa lake la siku zote. Sehemu kubwa ya kazi ya mmisionari katika jiji hili ni kutofautisha ukarimu na nia, na kanuni nyingi za siku yake zinazoonekana za ajabu kwa mtu wa nje zinaeleweka haraka ukilijua hilo.

Kwanza tuwajue. Kanisa lao linaitwa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Lilianzishwa na Joseph Smith katika jimbo la New York mwaka 1830, na makao yake makuu yako Salt Lake City, Utah. Jina la Wamormoni limetokana na Kitabu cha Mormoni, ambacho wanakisoma pamoja na Biblia. Tangu 2018 viongozi wao wanaomba jina hilo la utani liachwe na jina kamili litumike, ila mtaani bado ni Wamormoni tu. Kenya kanisa lilisajiliwa mwaka 1991 na misheni ya Nairobi ikafunguliwa mwaka huohuo.

Kuchelewa huko kuna sababu, na mmisionari ataulizwa. Hadi Juni 1978 wanaume weusi hawakuruhusiwa kupewa ukuhani katika kanisa hilo. Nairobi kuna vijana wenye simu na bando ambao wamelisoma jambo hili kabla mgeni hajamaliza kujitambulisha. Mmisionari anayezungukazunguka hapa amepoteza msikilizaji. Anayetaja mwaka, akakubali kwamba ndivyo ilivyokuwa, kisha akaeleza jinsi waumini wa leo wanavyolipokea jambo hilo, angalau anaruhusiwa kuendelea kuongea.

Mvulana anaanza akiwa na miaka 18 na kutumikia miezi 24. Msichana hutumikia miezi 18. Zamani alisubiri mpaka afike miaka 21, mwaka 2012 ikashushwa hadi 19, na tangu Novemba 2025 naye anaweza kuanza na 18. Wote wawe hawajaoa wala kuolewa. Mvulana huitwa Elda na jina la ukoo, msichana huitwa Sista. Majina ya kwanza yanakaa kando mpaka utumishi uishe, hata mwenzake wa chumbani humwita Elda fulani.

Hakuna mshahara. Kijana wa Marekani na wa nchi nyingine tajiri huchangia kiasi kimoja kila mwezi, kilichopandishwa kutoka dola 400 hadi 500 mwezi Julai 2020. Kijana wa Kakamega au wa Umoja huchangia kile ambacho yeye na familia yake wanaweza, na pengo huzibwa na mfuko wa umisionari wa kanisa. Fedha zote zinakwenda kapu moja, kisha kila mmoja anapata posho iliyopangwa kulingana na gharama za eneo analoishi. Kwa hiyo mtoto wa daktari wa Utah na mtoto wa mama mboga wa Kayole wakiwekwa nyumba moja, wanapanga bajeti ileile ya sukuma wiki. Huu ni mpango wenye busara. Wivu wa pesa ungevunja jozi nyingi kuliko mambo ya imani.

Kuingia kazini kuna makaratasi. Kijana anahojiwa na askofu wa kata yake, yaani usharika wake, halafu na rais wa kigingi, anayesimamia kata kadhaa. Anapimwa na daktari na daktari wa meno, kisha maombi yake yanatumwa makao makuu kwa mtandao. Hachagui nchi. Mkenya anaweza kupangiwa nchi jirani au ng'ambo kabisa, kwa hiyo pasi na cheti cha chanjo ya homa ya manjano vishughulikiwe mapema, maana ndivyo vinavyokwamisha safari za wengi. Mgeni anayekuja Kenya anahitaji kibali cha daraja la I, kile cha kazi za dini na hisani, pamoja na kadi ya usajili wa wageni. Ofisi ya misheni ndiyo inayofuatilia, ila mmisionari mwenyewe ndiye atakayesimamishwa na polisi barabarani. Nakala ya kibali ikae begini kila siku.

Mafunzo huanza nyumbani kwa mtandao, kisha kijana huenda kwenye kituo cha mafunzo. Afrika kuna vituo Ghana na Afrika Kusini. Atakayefundisha kwa lugha anayoijua hukaa takriban wiki mbili. Anayejifunza lugha mpya hukaa wiki sita au zaidi.

Siku yenyewe

Kuamka ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nusu saa ya mazoezi, kuoga, kifungua kinywa. Baada ya hapo kila mmoja anasoma maandiko peke yake, kisha wanasoma pamoja wakijiandaa kwa watu wanaokwenda kuwaona siku hiyo. Mgeni anaongeza muda wa Kiswahili. Hili la lugha si la kupuuzwa kwa kisingizio kwamba Nairobi watu wanajua Kiingereza. Ibada nyingi za kanisa hili jijini ni za Kiingereza, sawa, lakini bibi wa Kangemi akianza kueleza kwa nini hawezi kuacha kanisa la mama yake, hataeleza kwa Kiingereza. Kijana ambaye Kiswahili chake kinaishia kwenye "Bwana asifiwe" atajibiwa "amina" mwaka mzima na asijue anachoambiwa.

Kufikia saa nne hivi wanatoka. Kurudi ni saa tatu usiku kwa mujibu wa ratiba ya jumla, lakini Nairobi jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na mitaa kadhaa haifai kutembewa na vijana wenye simu mbili baada ya giza. Jozi yenye akili huweka miadi ya mbali mchana na ya karibu na nyumba jioni. Wakirudi wanapanga kesho yake, wanaandika waliyoyaona, na taa zinazimwa saa nne na nusu usiku.

Ratiba imelegezwa tangu 2017, na jozi inaweza kusogeza saa za kusoma kulingana na mahali. Hili linasaidia sana hapa. Katika mitaa ya wafanyakazi watu wanatoka alfajiri na kurudi wamechoka usiku, na kutembelea nyumba saa tano asubuhi ni kukutana na dada wa kazi ambaye hana ruhusa ya kumwingiza mtu. Saa hizo zinafaa kwa wenye vibanda, mafundi, mafundi cherehani na wauza mitumba. Wao wako mahali pao siku nzima na asubuhi wateja ni wachache. Adabu moja tu hapa: mteja akifika, mahubiri yanakatwa katikati ya sentensi na mmisionari anasogea pembeni. Asiyesogea hatakaribishwa tena, na ana haki ya kutokaribishwa.

Kanuni kubwa kuliko zote ni kwamba wawili hawaachani. Msingi wake ni Marko 6:7, Yesu alipowatuma wanafunzi wawili wawili, na maandiko yao ya Mafundisho na Maagano yanarudia hivyo. Kila mmoja awe mahali ambapo mwenzake anamwona na kumsikia, isipokuwa bafuni na katika mahojiano na viongozi. Mmoja akiugua, wote wanabaki nyumbani. Matatu ikifika na kondakta akapaza sauti "mmoja, mmoja, tunatoka," hawapandi. Wanasubiri yenye nafasi mbili, na saa za msongamano, mvua ikinyesha, kusubiri huko kunakula nusu saa huku nauli ikipanda. Ndiyo maana jozi iliyokaa mjini haipangi miadi miwili ya mitaa tofauti kwa kuachiana nusu saa. Kutoka Buruburu hadi Ngong Road ni kupitia katikati ya jiji, na katikati ya jiji haina saa yake.

Kanuni hiyo ina kazi nyingine isiyotajwa sana. Hairuhusu mmisionari kukaa peke yake na mtoto, wala kumfundisha mtu wa jinsia nyingine akiwa peke yake bila mtu mzima mwingine kuwapo. Elda wawili wakikuta binti yuko nyumbani peke yake, wanafanya salamu mlangoni na kuomba wakutane siku ambayo wazazi wapo, au wanawaachia Sista. Mtaani hapa maneno husambaa upesi kuliko tangazo la chifu, na sifa mbaya ya jozi moja inalipwa na jozi tano zinazofuata.

Siku moja kwa wiki, mara nyingi Jumatatu, ni ya maandalizi. Wanafua kwa mkono, wananunua chakula, wanapiga pasi mashati, wananyoa, wanacheza mpira, na tangu Februari 2019 wanaweza kupigia familia simu au simu ya video kila wiki. Zamani simu ilikuwa mara mbili kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama. Saa kumi na mbili jioni siku hiyo inaisha na kazi inarudi. Kwa nyumba ya Nairobi, Jumatatu inahusu maji zaidi ya kitu kingine. Mgao ukipita mtaani kwao siku mbili kwa wiki, mitungi yote ya lita 20 ijazwe siku hiyo. Ya kunywa ichujwe au ichemshwe, hata kama inaonekana safi, maana amiba na taifodi vimewalaza wamisionari wengi kuliko uhalifu. Tokeni za umeme na gesi ya kilo 6 vikaguliwe kabla ya Jumapili, kwa sababu Jumapili hawafanyi manunuzi. Na kuwe na chakula kikavu cha siku tatu kabatini. Siku za maandamano na za uchaguzi likija agizo la kubaki ndani, linafuatwa bila mjadala, na hapo ndipo mchele na ndengu zinajulikana thamani yake. Malaria si tishio kubwa Nairobi kwa sababu ya mwinuko wake, lakini anayehamishiwa kando ya Ziwa Victoria au pwani aanze dawa za kinga kabla ya kufunga virago.

Kupata watu, na kujua nani ni nani

Picha ya kubisha hodi mlango hadi mlango haifai sana hapa. Fleti zina geti, geti lina soja, na soja anauliza: unaenda kwa nani, nyumba namba ngapi, acha kitambulisho, andika kitabuni. Asiye na jina la mwenyeji haingii. Kwa hiyo watu wanapatikana kwa njia tatu: waumini wanaowatambulisha kwa jirani na ndugu, mazungumzo ya barabarani na stejini, na mtandao, hasa Facebook na WhatsApp, kwa simu zilizowekewa vizuizi na kanisa. Mtu aliyeletwa na muumini ndiye anayedumu, na kila aliyefanya kazi hii anajua hivyo. Mazungumzo ya stejini yanazaa namba nyingi za simu na watu wachache.

Basi namba ikishapatikana, kazi ya kuchuja inaanza. Kitabu chao cha mwongozo, *Hubiri Injili Yangu*, kilichotolewa upya mwaka 2023, kinataka kila ziara imalizike kwa mwaliko: kusoma sura fulani, kusali kuhusu jambo fulani, kuja kanisani. Mtu wa nje anaona ni kusukuma watu. Kwa Nairobi ni chombo cha kupimia, maana Mkenya hatakwambia "sitaki". Atasema "tutaonana", "Mungu akipenda", "wiki hii niko bize kidogo". Maneno haya yote ni ya heshima, na hakuna hata moja lililo ahadi. Mwaliko mdogo wenye siku na saa unafichua hali bila kumwaibisha mtu. Mwambie: "Tunakuachia 3 Nefi sura ya 11 katika Kitabu cha Mormoni, kurasa chache tu, Alhamisi saa kumi tutakuja kusikia umeonaje." Alhamisi ukimkuta amesoma nusu na ana swali la kukupinga, huyo ni wa kurudiwa. Ukimkuta amekusubiri kwa soda na mandazi, kitabu kiko palepale ulipokiacha, ni mkarimu, na ukarimu wake ushukuriwe bila kumfanyia hesabu.

Mara ngapi kabla ya kuacha? Hakuna namba iliyoandikwa. Wengi hurudi mara tatu, kisha wanaaga vizuri na kuacha namba yao. Wanaokosea ni wale wanaoendelea miezi kwa miezi kwa sababu nyumba hiyo ina kiti kizuri na chakula, au kwa sababu ripoti ya wiki inahitaji majina. Ripoti ipo kweli. Kila wiki jozi hutaja wamefundisha watu wapya wangapi, wangapi wamefika kwenye mkutano wa sakramenti, yaani ibada kuu ya Jumapili, wangapi wana tarehe ya ubatizo, wangapi wamebatizwa. Takwimu hizi zina faida yake, ila pale kiongozi kijana anapozigeuza mashindano, watu huharakishwa majini, na baada ya miezi sita kata ina orodha ndefu ya majina ambayo askofu hayajui sura zake.

Somo lenyewe liwe la nusu saa, likizidi sana dakika 45. Yako manne makuu: urejesho wa kanisa kupitia Joseph Smith, mpango wa wokovu, injili ya Yesu Kristo, na maisha ya ufuasi pamoja na amri. Asubuhi ya miadi hupigwa simu kuthibitisha, na daima kuna mpango wa pili kwenye mtaa huohuo, kwa sababu hata aliyethibitisha saa tatu anaweza kuwa ameitwa kwenye matanga saa nane.

Maswali yanayokuja ni yaleyale. Mna wake wengi? Ndoa za wake wengi zilisimamishwa mwaka 1890, na muumini anayefanya hivyo leo anatolewa kanisani. Nyinyi ni Freemason? Hili lina mizizi ya hapahapa. Tume iliyoundwa na Rais Moi mwaka 1994 kuchunguza ibada ya shetani, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, ripoti yake ilifikishwa bungeni mwaka 1999, na ndani yake Wamormoni walitajwa pamoja na Mashahidi wa Yehova na Freemason. Ripoti imesahaulika, uvumi umebaki. Na baada ya maafa ya Shakahola mwaka 2023, ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walikufa kwa kufunga kula, mzazi anayeuliza kwa ukali kanisa hili limesajiliwa wapi anauliza swali la haki. Ajibiwe kwa mwaka wa usajili na aelekezwe kwenye jengo la ibada, ambako Jumapili milango iko wazi kwa yeyote. Hekalu ndilo linaloleta utata, kwa sababu lile la Nairobi, lililoko Mountain View, haliingiwi na asiye muumini tangu lilipowekwa wakfu Mei 2025, ingawa kabla ya hapo umma uliruhusiwa kulitembelea. Mmisionari aeleze tofauti ya jengo la ibada na hekalu mapema, kabla jirani hajaieleza kwa namna yake.

Kikombe cha chai

Hapa wageni wengi hujikwaa wiki ya kwanza. Kwa mafundisho yao yanayoitwa Neno la Hekima, ya mwaka 1833, waumini hawanywi pombe, kahawa wala chai ya majani, na hawavuti tumbaku. Sasa nenda ukamwambie mama wa Kikuyu au wa Kiluhya kwamba hunywi chai yake.

Kosa si kukataa, kosa ni kuchelewa. Ukishasikia sufuria jikoni ukanyamaza, maziwa yakachemka, kikombe kikafika mkononi mwako ndipo useme hapana, umemwaibisha mwenyeji mbele ya watoto wake. Unasema ukiwa unaketi: "Mama, sisi hatutumii majani ya chai, lakini uji ukiwepo tutashukuru, au hata maji ya moto." Kumpa mwenyeji kitu cha kuleta ni muhimu kuliko maelezo ya dini, kwa sababu anachotaka ni mgeni asiondoke mkavu. Maziwa ya moto, chokoleti ya kunywa, uji wa wimbi, maji ya limau, vyote vinafaa. Anayekataa chai na bado akala mandazi mawili hajamkosea mtu.

Kwa anayetaka kujiunga, chai ni mtihani wa namna nyingine. Pombe watu hutarajia kuambiwa waache, makanisa mengi ya hapa yanasema hivyo. Chai hawakuitarajia. Mtihani hauko nyumbani, uko kazini kwenye chai ya saa nne, kwenye mkutano wa chama, msibani. Mmisionari anayejua hili haishii kusema "acha". Anakaa na mtu kupanga atashika kikombe gani siku ya matanga.

Ndoa ndiyo inayokwamisha

Mtu amesoma, anasali, anakuja kila Jumapili, amekubali zaka ya asilimia kumi, tarehe imepangwa. Kisha inagundulika kwamba yeye na mama watoto wanaishi pamoja miaka tisa bila ndoa. Kanisa halimbatizi anayeishi na mwenza bila ndoa. Waoane au watengane. Kwa Nairobi, ambako "njoo tukae" ni jambo la kawaida, swali hili liulizwe kwa upole ndani ya ziara za mwanzo, si wiki ya ubatizo.

Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za aina tano: za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu. Wanaotaka njia fupi hufunga ya kiserikali kwa msajili. Maombi hufanywa kupitia eCitizen, taarifa hutolewa siku 21 kabla, na kwenye siku yenyewe wanahitajika mashahidi wawili. Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, picha, na kiapo kwamba hakuna ndoa nyingine. Aliyefanya mila zote anaweza kusajili ile ya kimila.

Siku 21 ni sehemu rahisi. Ugumu ni kwamba mwanamume hajaenda kwa wakwe. Mahari haijaanza kutolewa, na wazee wakisikia binti yao amefungishwa ndoa ofisini na "wazungu wa tai" watalichukulia kama wizi. Jozi yenye haraka huwasukuma wawili hao kwa msajili Ijumaa ili wabatizwe Jumamosi. Wanabatizwa, na familia mbili zinakuwa adui wa kanisa kwa miaka. Afadhali miezi minane ya kusubiri huku mzee mmoja wa kata akisaidia kupeleka ujumbe nyumbani. Rais wa misheni, anayewasimamia wamisionari wote wa eneo, akiwa na busara hatalaumu jozi kwa hilo.

Kuna hali mbili zisizo na njia fupi. Mmoja wao alifunga ndoa ya kanisani zamani akaachwa bila talaka: lazima mahakama ivunje ile ndoa kwanza. Na mwenye wake wawili: habatizwi akiwa katika ndoa hiyo. Mmisionari wa miaka 19 hana mamlaka ya kumshauri amwache nani, na asithubutu. Anapeleka jambo kwa rais wa misheni na kuendelea kuwa rafiki wa nyumba ile.

Ubatizo wenyewe ni mfupi. Kabla yake kuna mahojiano na kiongozi wa wilaya ya wamisionari. Mtoto mdogo anahitaji ruhusa ya wazazi, na hakuna anayebatizwa chini ya miaka minane. Birika la kubatizia lililo kwenye jengo linajazwa kwa saa kadhaa, na mtu mzima lazima akae hapo muda wote maji yanapojaa, kwa ajili ya watoto. Maji ya mgao yaulizwe siku mbili kabla. Mhusika na anayembatiza wanavaa nyeupe, mashahidi wawili wanatazama, na ukingo wa nguo au nywele zikielea juu ya maji, anazamishwa tena. Kuthibitishwa hufanyika kwenye mkutano wa sakramenti.

Pesa, na mwenzako

Maombi ya pesa hayaishi: karo, kodi, nauli, dawa. Mmisionari hatoi wala hakopeshi. Mwenye shida huelekezwa kwa askofu, anayesimamia michango ya mfungo inayotolewa waumini wanapofunga Jumapili ya kwanza ya mwezi. Anayevunja kanuni hii kwa huruma ya shilingi mia mbili hugundua wiki inayofuata kwamba watu wanne wapya wanataka kufundishwa, na wote wana karo. Anachoweza kutoa ni mikono: kuchota maji, kufua, kulima shamba la mjane kule Kinoo. Wengi wa mtaa wanamkumbuka kwa hilo kuliko mahubiri.

Lakini ukiwauliza waliomaliza nini kiliwachosha, hawataji watu wa nje. Wanataja mwenza. Kulala chumba kimoja, kula sufuria moja na kutembea pamoja na mtu usiyemchagua, siku baada ya siku, mmoja anapika kila siku na mwingine haoshi sahani. Kila wiki wawili hao wanatakiwa kuketi na kuambiana yanayowakera. Jozi zinazoliruka zoezi hili ndizo zinazonuniana stejini. Kila wiki sita rais wa misheni, ambaye yeye na mkewe hukaa miaka mitatu, hutangaza uhamisho; kwa hiyo hata mwenza mgumu ana mwisho. Mgeni kabisa huwekwa na mkufunzi kwa wiki 12.

Uhamisho una kasoro yake: anayeondoka anaondoka na habari. Namba ya simu iko kwenye programu, ila kwamba mama wa nyumba ya pili hasikii sikio la kushoto, kwamba mumewe hapendi kuulizwa kazi, kwamba soja wa geti la mchana ni muumini, hayo yaandikwe au yapotee. Eneo lililobadilishiwa jozi nzima bila maandishi linaanza upya.

Akimaliza, Mkenya anarudi na miaka 20 au 21, na hapa familia inapaswa kuwa imefanya hesabu tangu mwanzo. Aliyepata nafasi ya chuo kupitia KUCCPS, chombo cha serikali kinachogawa nafasi hizo, asidhani itamsubiri: kuahirisha huamuliwa na chuo, na chuo si lazima kikubali miaka miwili. Apate jibu kwa maandishi kabla ya kusafiri, ajue pia mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, utaombwa lini. Wasio na nafasi wengi huingia BYU-Pathway, masomo ya mtandaoni yanayoendeshwa na kanisa, kwa Kiingereza, na ada yake ni ndogo kwa nchi kama Kenya. Bando ya intaneti ndiyo gharama wanayoisahau.